Kamera ya nguzoni: umwandikie Kamanda, Mkurugenzi wa Jiji au London?

Waandishi wachanga wa hapa Mwanza, na siku hizi hata wanafunzi wa Malimbe wanaotafuta mada ya utafiti, huniuliza swali moja: nikitaka kujua polisi wanatumia mitambo gani kuwafuatilia watu, nianzie ofisi gani? Wengi huwa wameshajijibu. Wanayo barua tayari kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, kurasa tatu, Ibara ya 18 ya Katiba imenukuliwa mara mbili, na mwishoni wanaomba "taarifa zote kuhusu teknolojia ya ufuatiliaji".

Kwa maoni yangu barua hiyo ikae kwanza. Anza na karatasi za fedha: zabuni, hati za malipo, mihtasari ya vikao, ripoti za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali). Polisi waandikie baadaye, kwa ombi dogo linalotaja waraka mmoja. Kama ni wewe mwenyewe uliyenaswa na kamera, au ni simu yako iliyofuatwa, unayo njia nyingine ambayo mwandishi hana. Na lipo ombi la ng'ambo, ambalo watu wa hapa hawalifikirii kabisa. Kulituma ni rahisi, ila linafaa kwa mambo machache. Sababu zangu ni hizi.

Kabla ya njia, jua kitu ni cha nani

Kamera ikiwa juu ya nguzo, mpita njia huiita ya polisi. Huenda ni ya polisi kweli. Huenda pia ni ya halmashauri, ya TANROADS (Wakala wa Barabara), ya benki iliyo ng'ambo ya barabara, au ya mwenye duka la simu anayelinda mlango wake. Kwa Mwanza kuna utata mwingine juu ya huo: mji ni mmoja lakini halmashauri ni mbili. Ukiwa Nyegezi au Igoma uko Jiji la Mwanza. Ukiwa Kirumba, Pasiansi au Buzuruga uko Manispaa ya Ilemela. Ombi ukilipeleka upande usio wake, litakaa masijala mpaka ulisahau. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 halihusu halmashauri hata moja kati ya hizo. Hilo ni la TANROADS.

Tena kamera ndiyo sehemu inayoonekana tu. Tochi ya trafiki, ile ya kupima mwendo wa magari, ni chombo cha ufuatiliaji. Usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia ukomo wake Januari 2020, nao uliweka jina na kidole cha mtu nyuma ya kila namba. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inampa polisi uwezo wa kumtaka mwenye taarifa za mawasiliano azitoe kwa ajili ya upelelezi. Kwa hiyo swali la "mitambo ya polisi" linaweza kuwa na majibu ambayo hayako polisi kabisa. Yako kwa aliyeuza, aliyelipa, aliyekagua, au kampuni ya simu iliyoombwa taarifa. Mahali jibu lilipo ndipo pa kuchagulia njia.

Barua kwa polisi, karatasi za fedha

Tuziweke hizi mbili bega kwa bega, maana ndizo ambazo watu wengi watazitumia.

Barua kwa polisi inasimama juu ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016. Raia yeyote anaweza kuomba, na neno raia lina uzito: mwenzako wa Kisumu au Entebbe hawezi kuomba kwa jina lake. Unaandika, unapeleka masijala, unasubiri. Ofisi ina siku 30 za kukujibu. Ukikataliwa, una siku 30 za kumwomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi, naye ana siku 30 zake. Usiporidhika unakata rufaa kwa Waziri. Kalenda imeshakula robo mwaka, na unayemlilia mwishoni ni mwanasiasa ndani ya Serikali hiyohiyo. Kenya wana Ombudsman wa kusikiliza malalamiko ya namna hii, na muda wao wa kujibu ni siku 21, au saa 48 kama jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu. Sheria yetu ya 2016 haikuweka chombo huru cha aina hiyo.

Halafu kuna kifungu cha 6. Hicho ndicho kinachoorodhesha taarifa zinazoweza kuzuiwa: usalama wa taifa, upelelezi unaoendelea, usalama wa maisha ya mtu, maslahi ya kibiashara ya mzabuni na nyingine kadhaa. Ukiomba "taarifa zote kuhusu ufuatiliaji", umemrahisishia kazi afisa: anachagua sababu anayoitaka na barua ya kukukatalia inakuwa na mistari minne. Ombi pana ni zawadi kwa anayetaka kunyima.

Hata penye sheria kali kuliko yetu, mlango wa polisi ni mgumu. Florida, Marekani, ina sheria ya kumbukumbu za umma inayosifiwa kwa uwazi wake. Mwaka 2014 mawakili wa ACLU, shirika la kutetea haki za raia, walikuwa wameahidiwa na polisi wa Sarasota kwamba wangekwenda kusoma nyaraka kuhusu kifaa kinachojifanya mnara wa simu ili simu zote za jirani zijisalimishe kwake. Kabla hawajafika, maafisa wa US Marshals, wa serikali kuu, walikuja wakazichukua zile nyaraka. Ilikuja kujulikana kwamba idara nyingi za polisi zilikuwa zimesaini mikataba ya usiri na FBI kuhusu kifaa hicho. Kama Sarasota ilikuwa hivyo, usitegemee kwamba ya hapa itakuwa laini kwa sababu tu barua yako ina lugha nzuri.

Karatasi za fedha ni jambo jingine. Hazikuulizi wewe ni nani wala unazitakia nini. Sehemu kubwa ilishachapishwa, kwa hiyo hakuna afisa wa kukunyima. Na zina tabia moja inayomfaa mchunguzi: anayeziandika hafikirii usiri, anafikiria mkaguzi. Mhasibu akilipa lazima aandike kalipa nini, kwa nani, kiasi gani.

Uingereza ndiko mfano ninaoupenda ulikotokea. Polisi wa huko, wakiulizwa kama wana vile vifaa vya kujifanya minara ya simu, walikuwa na jibu moja: hatukubali wala hatukanushi. Oktoba 2016 gazeti dogo la Bristol, The Bristol Cable, liliacha kuwauliza hivyo. Wakasoma orodha za malipo na mihtasari ya vikao ambavyo polisi wenyewe walikuwa wameviweka wazi. Wakakuta herufi CCDC, kifupi cha Kiingereza cha kunasa mawasiliano kwa siri, na kwenye muhtasari mmoja herufi hizo zimekaa pembeni ya jina la kifaa chenyewe. Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya kutafuta CCDC kwenye karatasi za vikosi vingine. Siri iliyolindwa na mawakili ilitolewa na makarani.

Chicago nako, kikundi cha Lucy Parsons Labs kilifuata fedha zilizotaifishwa kutoka kwa watuhumiwa, wakaona zilivyonunulia vifaa vya upelelezi nje ya bajeti ambayo madiwani huijadili.

Wala tusivuke bahari. Hapa nchini, jambo kubwa kabisa tulilowahi kulijua kuhusu mitambo ya polisi halikutoka kwenye barua ya mwananchi. Ni mkataba ambao Watanzania wanaujua kwa jina la Lugumi: mashine za kutambua alama za vidole katika vituo vya polisi 108, Sh bilioni 37, uliosainiwa 2011. Ukaguzi wa CAG ndio uliouibua, na mwaka 2016 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ikaushikia bango: karibu fedha zote zimelipwa, mashine zimekutwa vituo 14. Kamati ikautaka mkataba wenyewe. Ndipo nchi nzima ikajua Jeshi la Polisi lilikuwa limenunua mfumo gani, kwa nani na kwa bei gani. Hakuna mwandishi angeupata mkataba ule kwa barua.

Kenya mambo yalikwenda hivyohivyo 2014: mfumo wa kamera na mawasiliano ya polisi wa Nairobi na Mombasa, uliopewa Safaricom kwa shilingi za Kenya bilioni 14.9 (Kisumu haikuwamo), ulijulikana undani wake kwa sababu wabunge waliuchambua.

Namna ya kuzifuata hizo karatasi ukiwa Mwanza

Kwa vitu vya halmashauri, mahali pa kwanza ni mfumo wa ununuzi wa umma, NeST, ulioanza 2023. Matangazo ya zabuni yanaonekana bila kuomba ruhusa, pamoja na mikataba iliyotolewa. Usitafute neno "ufuatiliaji", halimo. Tafuta "kamera", "CCTV", "ulinzi", "mfumo wa usalama", "taa za barabarani". Maofisa ununuzi huandika nusu Kiingereza, kwa hiyo jaribu maneno ya lugha zote mbili.

Mahali pa pili ni Baraza la Madiwani. Vikao vyake ni vya wazi kisheria na kuna viti vya wananchi ambavyo mara nyingi vinakaliwa na watumishi wanaosubiri kuitwa kujibu hoja. Diwani wa kata yako akiuliza swali kuhusu kamera za stendi, Mkurugenzi analazimika kujibu mbele ya watu na jibu linaandikwa. Binafsi naona diwani mmoja mwenye bidii anazidi barua tatu. Ila mpe swali lililoandikwa tayari. Ukimpa hoja ya jumla ataigeuza hotuba.

Kwa vitu vilivyonunuliwa na polisi makao makuu, Dodoma, halmashauri haitakusaidia. Hapo unaingia kwenye vitabu vya bajeti: Jeshi la Polisi ni Fungu 28. Hotuba ya bajeti ya Waziri wa Mambo ya Ndani husomwa bungeni kila mwaka, kwa Kiswahili, na huwa ina aya za kujisifu kuhusu vifaa vilivyonunuliwa na vitakavyonunuliwa. Aya za kujisifu zisome polepole, ndimo majina ya mifumo hutajwa. Ripoti za CAG nazo hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuingia bungeni Aprili. Hoja za ukaguzi za polisi zitafute kwenye ripoti za Serikali Kuu na za miradi, si za halmashauri. Kumbukumbu rasmi za Bunge zinasomeka mtandaoni.

Udhaifu wa njia hii nisiufiche. Ununuzi wa vyombo vya ulinzi na usalama una utaratibu wake wa faragha, kwa hiyo vifaa nyeti zaidi hutaviona kwenye tangazo lolote. Karatasi za fedha pia zinakuambia kilichonunuliwa, hazikuambii kinavyotumika. Unajua kuna kamera. Hujui picha inakaa siku ngapi, nani anaitazama, na kama mke wa mtu anaweza kufuatiliwa na askari anayemjua mumewe.

Hapo sasa ndipo barua kwa polisi inapopata kazi yake halisi.

Barua ileile, iliyoandikwa vingine

Linganisha maombi haya mawili. La kwanza ndilo ninaloletewa:

"Naomba taarifa zote kuhusu teknolojia ambayo Jeshi la Polisi Mkoa wa Mwanza linatumia kufuatilia wananchi."

La pili:

"Naomba nakala ya mwongozo au waraka unaoeleza muda wa kutunza picha za kamera za barabarani, ngazi ya maofisa wanaoruhusiwa kuzitazama, na utaratibu wa kuzifuta. Endapo sehemu ya waraka huo haiwezi kutolewa, naomba ifunikwe na sehemu iliyobaki itolewe. Endapo hakuna mwongozo wa aina hiyo, naomba nijulishwe hivyo kwa maandishi."

Ombi la pili halitaji kamera iko wapi, halimtaji mtuhumiwa, haligusi upelelezi wowote. Afisa anayetaka kukataa itabidi aeleze kwa nini kanuni ya kutunza picha ni siri. Na ile sentensi ya mwisho ndiyo kali kuliko zote, maana "hatuna mwongozo" ni habari ya ukurasa wa mbele.

Ukijibiwa kwamba ni suala la upelelezi, kuna hoja nzuri iliyoshinda mahali pengine. Polisi wa Los Angeles walikuwa na kamera zinazosoma namba za kila gari linalopita. ACLU na Electronic Frontier Foundation, shirika la kutetea haki za mtandaoni, walipoomba takwimu za wiki moja, wakaambiwa hizo ni kumbukumbu za upelelezi. Kesi ilikwenda mpaka Mahakama ya Juu ya California, na mwaka 2017 majaji walisema hapana: mtambo unaozoa namba za magari yote bila kumshuku mtu haujafanya upelelezi wa mtu yeyote. Watu wa ziwani wanaielewa hoja hii haraka. Kokoro halichagui samaki, na aliyevuta kokoro hawezi kusema alikuwa anamfuata sangara mmoja. Hukumu ya California haimfungi afisa wa Tanzania, lakini kama hoja katika ombi la kupitiwa upya inasimama kwa miguu yake.

Uzuri mwingine wa barua ni pale inapotumwa nyingi kwa mpigo. Chuo Kikuu cha Georgetown kiliandikia idara za polisi zaidi ya 100 za Marekani kwa maswali yaleyale kuhusu utambuzi wa sura, na mwaka 2016 kikaonyesha kwamba picha za watu wazima milioni 117 wa nchi ile zilikuwa ndani ya mifumo hiyo. Idara zilizonyamaza hazikuwaumiza, kwa sababu zilizojibu zilitosha. Ripota mmoja wa Mwanza akiandika Mwanza tu, ukimya ni mwisho wa habari. Wenzake wa Geita, Musoma, Bukoba na Shinyanga wakiandika barua ileile wiki ileile, mkoa mmoja ukijibu mingine yote imeulizwa swali: mbona wenzenu wametoa? Klabu za waandishi za kanda hii zina uwezo huo, hazijautumia.

Mambo madogo ya masijala yanaamua kesi kubwa. Kichwa cha barua kiwe na "Yah:" fupi inayotaja sheria na waraka unaoombwa. Peleka nakala mbili, moja ipigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Akikuambia mhuri haupo leo, mwombe asaini daftari lako la dispachi. Bila tarehe ya kupokelewa, siku 30 hazina pa kuanzia kuhesabiwa. (Na punguza vifungu vya Katiba. Afisa wa masijala akiona "haki yangu ya msingi" mstari wa kwanza, barua inapelekwa kwa mwanasheria kabla haijafika kwa mwenye jibu.)

Ukiwa wewe ndiye uliyefuatiliwa

Dereva wa basi aliyepigwa faini ya tochi, kijana aliyekamatwa Makoroboi akaambiwa "tumekuona kwenye kamera", mfanyabiashara aliyesomewa rekodi za simu zake polisi: hawa hawahitaji ulinganisho wote huo hapo juu. Wanazo njia mbili nyingine.

Ya kwanza ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inampa mtu haki ya kumuuliza anayetunza taarifa zake: mna nini kunihusu, mmekipata wapi, mnampa nani. Malalamiko yanakwenda kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria imeweka misamaha ya usalama wa taifa na kuzuia uhalifu, kwa hiyo dhidi ya polisi moja kwa moja sitaisifu sana. Nguvu yake iko kwa wale wengine: benki yenye kamera, kampuni ya basi yenye kifaa cha kufuatilia gari, mtandao wa simu. Hao misamaha ya polisi haiwahusu kirahisi, na wanaiogopa Tume kuliko wanavyomwogopa mwandishi.

Ya pili ni mahakama, na hapa naona mawakili wetu wanaacha mali chini. Ushahidi wa kielektroniki ukiletwa mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka uhalisia na utunzaji wake uthibitishwe. Basi wakili aulize: picha hii imetoka mtambo gani, nani aliuwasha, ilihifadhiwa wapi, nani mwingine aliigusa? Shahidi wa polisi akiwa kizimbani hawezi kusema hakubali wala hakanushi. Baltimore, mwaka 2015, mpelelezi aliyebanwa mahakamani ndiye aliyesema idara yake ilikuwa imetumia kifaa cha kujifanya mnara mara 4,300 tangu 2007. Namba ambayo barua za miaka zilikuwa hazijaipata. Na mtu wa kwanza kuufumua usiri wa kifaa hicho Marekani alikuwa mshtakiwa: Daniel Rigmaiden, aliyekamatwa 2008 kwa udanganyifu wa kodi, akasoma maelfu ya kurasa za kesi yake akiwa rumande mpaka akathibitisha alivyopatikana.

Ukilinganisha na barua, mahakama inatoa jibu lenye kiapo. Ubaya wake ni kwamba inabidi kwanza uwe kwenye matatizo. Kufungua kesi ya kikatiba kwa niaba ya umma nako kulifanywa kugumu na marekebisho ya 2020, ambayo yalimtaka mlalamikaji aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika.

London, Washington na ng'ambo ya ziwa

Sheria ya uhuru wa taarifa ya Uingereza, inayofanya kazi tangu 2005, haiulizi uraia. Ukiwa Kapripoint na simu ya mkononi unaweza kuandikia idara ya Serikali ya Uingereza, kwa barua pepe, bure, na wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 20 za kazi. Sheria ya Marekani ya 1966 nayo inampokea mtu wa nchi yoyote; siku 20 za kazi zipo kwenye karatasi, foleni yenyewe ni ndefu mno. Kwa urahisi wa kutuma, hakuna njia inayoishinda hii. Hakuna nauli, hakuna mhuri, hakuna "njoo kesho".

Lakini unauliza nini? Usiulize polisi wa Mwanza wana nini. Ofisi za huko hazijui, na zikijua zitasema ni suala la uhusiano wa kimataifa. Uliza waliyofanya wao: misaada ya mafunzo na vifaa kwa polisi wa nchi yetu, vibali vya kuuza nje. Uingereza huchapisha takwimu za vibali vya kuuza nje vifaa vya kijeshi na vile vyenye matumizi mawili, ya kiraia na ya kijeshi, nchi kwa nchi, na vifaa vya kunasa mawasiliano vina kundi lake humo. Kusoma mstari wa Tanzania hakuhitaji hata ombi.

Namba moja iliyowahi kutushtua ilitoka huko huko. Juni 2014 kampuni ya Vodafone, yenye makao Uingereza, ilichapisha ripoti ya maombi ya taarifa inayopokea kutoka kwa mamlaka za nchi inakofanya biashara. Tanzania: maombi 98,765 ya kumbukumbu za mawasiliano ndani ya mwaka mmoja. Hapa nchini hakuna ofisi iliyokuwa imewahi kututajia tarakimu yoyote.

Kikomo cha njia hii ni muuzaji. Uganda, ng'ambo ya ziwa, polisi walithibitisha mwaka 2019 kwamba mfumo wao wa kamera umegharimu dola milioni 126, na aliyeuza ni Huawei. Mtambo ukitoka China, ombi la London au Washington halina pa kugonga, na mitambo mingi inayouzwa Afrika Mashariki siku hizi inatoka huko. Hapo unarudi Fungu 28 na Bungeni.

Kuhusu kushirikiana na majirani: Kenya na Uganda wana sheria zao, na zote zinampa haki raia wao. Rafiki wa Kisumu anaweza kuomba la Kisumu, wewe ukaomba la Mwanza, mkabadilishana. Muuzaji akiwa mmoja kwa nchi mbili, jibu la mmoja linakuwa ramani ya maswali ya mwingine.

Bahasha inayoletwa usiku

Kuna wanaoniambia njia zote hizi ni za watu wenye subira, wao wana askari rafiki atakayewapa nyaraka. Hapa silinganishi kwa muda wa kusubiri, nalinganisha kwa kifungo. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inaweka adhabu ya hadi miaka 20 kwa kutoa au kupokea mambo ya siri ya Serikali isivyo halali. Ile Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 nayo imeweka kifungo kwa anayefichua taarifa iliyozuiwa. Karatasi iliyopita masijala ikapigwa mhuri inakulinda wewe na inamlinda aliyekupa. Ya bahasha haimlindi yeyote, na wa kwanza kutafutwa ni yule rafiki.

Hata uliyoipata kihalali iweke kama ilivyo. Kuipotosha taarifa uliyopewa ni kosa chini ya sheria hiyohiyo ya 2016, kwa hiyo unapochapisha, weka picha ya waraka mzima pembeni ya habari, sehemu zilizofunikwa zikiwa zimefunikwa. Ficha majina ya askari wa ngazi za chini na namba za magari ya watu. Kisha mpelekee aliyekujibu nakala ya habari yako, kwa barua ya kawaida, kupitia masijala ileile.